Mkono wa Kioo

Dada yangu alikuwa na mikono miwili kama watu wote, ila yeye aliigawia kazi. Wa kulia ulikuwa wa Mungu, wa kushoto ulikuwa wa watoto. Msinicheke, nitaeleza. Mimi nilimcheka maisha yangu yote, na haki hiyo nilikuwa nayo, kwa sababu ni mdogo wake na tulilala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa.

Alikuwa mwalimu wa chekechea ya parokia, ile ya nyuma ya kanisa, yenye mlango wa bluu uliochubuka rangi chini kwa mateke ya viatu vidogo. Watu wazima walimwita Mwalimu. Watoto walimwita Mwalimu Kioo. Mimi nilimwita Dada, na yeye aliniita Sindano, kwanza kwa sababu ni fundi cherehani, na pili kwa sababu, alisema, hata nikiwa mbali na cherehani bado nachoma.

Aliingia pale akiwa msichana, msaidizi wa sista mmoja mzee aliyekuwa amechoka magoti. Siku ya kwanza sista akamwambia awaongoze watoto katika ishara ya msalaba. Jambo gani hilo? Dada alikuwa anaifanya tangu hajaota meno. Akasimama mbele yao, akainua mkono wa kulia, akagusa paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Watoto wakamfuata vizuri kabisa, darasa zima, kwa mkono wa kushoto. Maana mtoto wa umri ule hajui kulia wala kushoto. Anaona mkono umeinuka upande ule, naye anainua wake wa upande ule ule. Dada akawaambia, "Hapana, huu! Wa kulia!" akaupunga juu wauone. Nao wakapunga wa kushoto kwa furaha.

Sista mzee hakumgombeza. Alimshika mkono akampeleka sakristia, mbele ya kabati lenye kioo ambacho padri hujitazamia kanzu kama imekaa sawa.

"Inua mkono wa kulia," akamwambia. "Sasa mtazame huyo aliyesimama mbele yako. Jifanye humjui, ni mtu mwingine. Ameinua upi?"

"Wa kushoto, Sista."

"Ukitaka yeye ainue wa kulia, wewe uinue upi?"

Jioni ile Dada alirudi nyumbani akasimama mbele ya kioo cha mama, kile kilichokatika pembe, akafanya mazoezi. Mkono wa kushoto. Paji la uso, kifua, bega la kulia, bega la kushoto. Akakosea, akarudia. Mimi niko kitandani nimekumbatia mto, nikamwambia, "Dada, kwa hayo mambo shetani atakupenda sana." Mama alinirushia kandambili kutoka mlango wa jikoni, na alilenga vizuri.

Basi tangu siku ile, mbele ya watoto, Dada alifanya kila kitu kwa upande wa pili. Alifunga kamba za viatu kinyume, alishika penseli ya rangi kinyume, alichota maji kwa kikombe kinyume. Mtoto akimtazama alikuwa anajiona mwenyewe, mkubwa kidogo na mwenye subira. Ndipo jina la Kioo lilipotoka, sijui mtoto gani alianza.

Watu hudhani chekechea ni mahali pa kuwekea watoto ili mama zao wafanye kazi. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kupeleka sare nilizoshona, nikawa nakaa kwenye kiti cha nyuma kusubiri chai. Kiti chenyewe kilikuwa kifupi, magoti yakinifikia kidevuni. Kutoka pale niliona. Kila mtoto alikuwa na msumari wake ukutani wa kutundikia mfuko, na juu ya msumari kuna picha, kwa kuwa hawajui kusoma: samaki, jua, ufunguo, kiatu. Mtoto alijifunza kwanza kwamba ule ni msumari wake na ule mwingine si wake. Ukitaka kujua ugumu wa somo hilo, kawaulize watu wazima waliogombania mipaka ya viwanja.

Walijifunza kunawa mikono bila kucheza na bomba. Walijifunza kusema tafadhali na samahani, na samahani ya pili ile ya kweli, baada ya ile ya kwanza ya kusukumwa. Walijifunza kupiga goti mbele ya altare bila kuanguka, na wakianguka, kutocheka kwa sauti. Walipopelekwa kanisani waligusa maji ya baraka, na kila mara kulikuwa na mmoja anayetaka kuyanywa. Walionyeshwa ile taa nyekundu inayowaka karibu na tabenakulo, kile kisanduku cha kuwekea hostia, wakaambiwa ikiwaka maana yake Yesu yupo nyumbani. Mtoto mmoja akauliza akitoka nani anaizima. Mwingine akauliza kama malaika anaoga. Dada hakuwadanganya hata siku moja. Alisema, "Sijui. Tutamuuliza tukimwona." Watoto waliridhika kabisa, kuliko wangepewa jibu.

Siku moja walikuta ndege mdogo amekufa chini ya dirisha. Sista alitaka atupwe haraka kabla hawajaona. Dada akakataa. Walimtafutia boksi la chaki, wakamzika kando ya ukuta, wakamwimbia. Walikuwa wanene wa mashavu, wazito wa uso, wanaimba kama maaskofu. Nilikuwa nimekuja na kofia za maigizo ya Noeli, nikasimama pale na pini mdomoni nikashindwa kutania.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa la kusubiri. Kabla ya kula, kabla ya kuanza, kabla ya kwenda nyumbani, Dada alisimama mbele akainua ule mkono wake wa kushoto juu, kiganja wazi. Watoto wakainua wa kulia. Na hapo hakuna aliyeanza. Kulikuwa na anayefunga kiatu, kuna anayekohoa, kuna yule ambaye kila siku lazima atoke chooni wakati huo huo. Dada akauliza, "Tunamsubiri nani?" Wakajibu kwa pamoja, "Tunamsubiri mwenzetu." Wenye pupa wakauliza, "Tuanze?" Naye, "Bado." Mikono juu. Vimikono vinaanza kutetemeka, wengine wanaushika wao kwenye kiwiko kwa mkono wa pili ili usianguke. Mpaka yule wa mwisho ameingia, ameinua wake. Ndipo, "Kwa jina la Baba."

Wazazi walilalamika. Baba mmoja mwenye tai alikuja kusema shule ya jirani watoto wameshaanza kusoma sentensi, hapa wanafundishwa kusubiri tu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kusoma atasoma, baba yake, hilo halina shaka. Ila akikosa kusubiri wenzake sasa, nani atamfundisha akishakuwa na gari?" Baba yule alicheka, akamwacha mtoto wake.

Mimi nami niliwahi kutoa ushauri. Nikasema, hizi sare nashona mwenyewe, ngoja niwawekee kiraka chekundu kwenye mkono wa kulia, uache kujipinda maisha yako yote. Dada aliichukua ile sampuli, akaigeuza, akasifu mshono, akanirudishia.

"Nguo itachakaa, Sindano. Tena mwaka ujao itakuwa haimtoshi. Atabaki anatafuta kiraka."

"Na wewe utabaki hujui mkono wako."

"Mimi nautambua vizuri sana," akasema, na safari hii hakutabasamu. "Huu wa watoto. Huu wa Mungu."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Jumapili moja kwenye misa, akiwa anawaza sijui nini, mkono wa kushoto ulijiinua wenyewe. Paji, kifua, bega la kulia. Bibi mmoja wa kwaya, mtu wa kuona mambo yote isipokuwa ya kwake, akageuka akamwambia kwa sauti ya kusikika benchi tatu, "Mwalimu mzima! Hivyo ndivyo unavyowafundisha watoto wetu?" Dada aliona aibu kiasi kwamba hakwenda kukomunika siku ile. Mimi ningemjibu yule bibi jibu la kumlaza njaa. Dada hakujibu. Tangu hapo kila akiingia kanisani alishika rozari kwa mkono wa kushoto, ameizungusha kwenye vidole kama kamba, ili mkono uwe na shughuli usimponyoke tena. Na wa kulia akautunza. Kazi za jikoni aliigawia mikono yote miwili, lakini sala ilikuwa ya wa kulia peke yake.

Hakuolewa. Si kwamba hakutakiwa; alikuja fundi bomba mmoja wa heshima, akaja tena, akachoka kusubiri. Nilipofiwa na mume wangu nilirudi tukaishi pamoja, yeye chumba cha mbele, mimi na cherehani cha nyuma. Binti yangu akaolewa mtaa wa pili, akazaa msichana mfupi mviringo tukamwita Kifungo. Kifungo alipofika umri akaingia darasa la Dada. Picha yake ukutani ilikuwa sufuria, na hakuipenda, lakini ndiyo iliyokuwa imebaki.

Kiharusi kilimpata Dada darasani, asubuhi, akiwa anagawa vikombe. Kwanza kikombe kilimtoka mkononi, halafu akakaa chini, polepole, akiteleza na ukuta. Hakupiga kelele. Watoto walikuwa wamefundishwa kwamba Mwalimu akikaa, wote tunakaa. Basi wakakaa. Sista wa siku hizi, aliyempokea yule mzee, alipopita dirishani akashangaa ukimya, akaingia akawakuta wamemzunguka, wamekunja miguu, wametulia. Akauliza, "Mnafanya nini?" Kifungo ndiye aliyemjibu. "Tunamsubiri Mwalimu ainuke."

Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umekufa. Mguu ulikuwa unaburuzika, mdomo umevutwa upande, na ule mkono wa Mungu ulilala juu ya shuka kama soksi. Maneno yote yalikuwa yamemtoroka isipokuwa moja. Sijui kwa nini lilibaki lile, daktari alisema huwa inatokea. Lilikuwa "bado." Ukimuuliza kama anataka maji: bado. Kama anaumwa: bado. Akikasirika, bado, bado, bado.

Daktari alisema anaweza kumeza, tumlishe vyakula laini, atapata nguvu. Nikaandaa, nikamkalisha, nikaleta kijiko. Akafunga mdomo. Nilidhani chakula hakimpendezi, nikabadilisha. Akafunga. Ilinichukua muda kuelewa, nami nimeishi naye tangu kuzaliwa. Mtu ambaye hajawahi kugusa hata punje kabla ya kufanya ishara ya msalaba alikuwa anasubiri mkono wake wa kulia. Nao haukuja.

Nikaushika mimi. Nikaunyanyua, mzito, wa baridi, nikaupeleka kwenye paji la uso, nikaushusha kifuani. Kabla sijafika begani niliona machozi yanamtoka kwenye jicho moja, lile zima. Nikauweka chini taratibu.

"Basi tumia huu mwingine, Dada," nikamwambia. "Mungu atakuelewa. Kwani ni mtoto wa chekechea huyo?"

Akanitazama. Kisha akageuza uso akautazama ukuta.

Na huko ukutani ndiko alikohamia. Alikuja Sista akakaa kitandani, akamwambia Mungu haangalii mkono, anaangalia moyo. Ni kweli, na ni maneno mazuri, lakini Dada alikuwa amefundisha watoto wa mtaa mzima kwamba anaangalia mkono pia. Kwamba mwili nao unasali. Alikuja Paroko na mafuta ya Mpako wa Wagonjwa, kijana mpole mwenye viatu vya vumbi. Akaanza, "Kwa jina la Baba," na sisi wote tukainua mikono, na Dada akafumba macho. "Bado," akasema. Paroko akangoja. "Bado." Akafunga kichupa chake cha mafuta, akaniambia kwenye mlango kwamba mtu hasukumiwi sakramenti mdomoni kama dawa, nimwite wakati wowote.

Nisiwafiche, mimi ni Mkatoliki wa Pasaka na mazishi. Sikuwa naogopa moto wa jehanamu kwa ajili ya Dada. Kama yeye ataungua, basi sisi wengine tuanze kujipaka mafuta ya kukaangia kabisa. Nilichoogopa ni kingine. Aliishiwa nguvu siku hadi siku, anakula vijiko viwili vya kunihurumia, analia akimeza, kama mwizi. Niliogopa afe akiwa ameupa ukuta uso, anamwonea aibu yule aliyempenda kuliko mtu yeyote, kisa mkono. Usiku nililala nikimkasirikia Mungu, mchana nikawakasirikia wateja.

Watoto hakutaka kabisa wamwone. Akisikia sauti ya Kifungo uani alivuta shuka mpaka machoni. Tukamwambia mtoto Bibi Mwalimu amelala. "Kila siku?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, kila siku, nenda kacheze. Alinitazama kama anayejua bei halisi ya kitambaa.

Siku iliyogeuza mambo nilikuwa nampima mteja, mama mnene mwenye haraka, nikiwa na utepe shingoni. Kifungo alikuwa ametoka shule, amekaa na mkate wake na kikombe cha maziwa kwenye ngazi ya jikoni. Nikageuka kuandika kipimo cha kiuno, nikageuka tena, ngazi ni tupu. Nikasikia stuli inaburuzwa chumba cha mbele. Nikamwacha yule mama mikono imepanuliwa kama msalaba, nikakimbia.

Mlango ulikuwa wazi. Kifungo alikuwa ameweka mkate na kikombe juu ya stuli, pembeni ya kitanda, upande ule ule wa ukutani ambako Dada alikuwa ameelekeza uso. Kuna nafasi nyembamba pale, anapita mtoto tu. Alikuwa amesimama wima mbele yake, sare imepinda, mkono wa kulia juu, kiganja wazi.

Shuka lilikuwa limeshuka. Dada alikuwa anamtazama kwa ule uso wake uliovutwa.

"Kifungo, toka huko," nikanong'ona.

"Bibi, usiongee. Tunamsubiri mwenzetu."

"Mwenzetu gani?"

Akanyoosha kidevu kumwonyesha Dada. Mkono haukushuka.

"Bado," akasema Dada. Mimi nilielewa anachosema. Alikuwa anasema mwondoe, Sindano, mwondoe asinione hivi.

"Haya," akajibu Kifungo, kwa utii kabisa. Mwalimu amesema bado, basi ni bado. Akaendelea kusimama.

Nilitaka kuingia nimnyanyue mtoto. Miguu ilikataa, na leo naishukuru. Huku nyuma mteja wangu anaita, "Fundi! Fundi, vipi?" Mkono wa Kifungo ukaanza kutetemeka. Akaushikilia kwenye kiwiko kwa mkono wa pili, kama walivyofanya wote wanaopita darasa lile. Akauma mdomo. Maziwa yanapoa. Mtoto yule anapenda kula, mnajua, si bure ni mviringo, na mkate uko mbele ya pua yake, na hakuutazama hata mara moja. Alimtazama Mwalimu.

Dada hakuwahi katika maisha yake kuacha mtoto achoke mkono kwa sababu yake. Niliona macho yake yakienda kwenye ule mkono unaotetemeka, yakirudi, yakienda tena. Kisha blanketi likatikisika. Mkono wa kushoto ukatoka. Ulitoka polepole, ukapanda juu, ukafunguka kiganja, mbele ya kiganja kidogo cha Kifungo.

"Tayari," akasema Kifungo kwa sauti ya mtu aliyesikia nafuu. "Kwa jina la Baba."

Dada akagusa paji la uso. Mtoto akagusa.

"Na la Mwana."

Kifua.

"Na la Roho Mtakatifu."

Mkono wa kushoto wa Dada ukaenda bega la kulia, lile lililokufa, ukaligusa. Halafu bega la kushoto. Na Kifungo mbele yake, mkono wa kulia, bega la kushoto, bega la kulia, sawasawa, bila kosa, kama alivyofundishwa. "Amina," akasema. Akaumega mkate, akampa nusu kubwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya kabla wala baada. Dada akala. Alitafuna kwa upande mmoja, makombo yakimdondoka shingoni, na hakulia.

Nilirudi kwa mteja wangu. Bado alikuwa amepanua mikono. Nikamkumbatia, nikalia kwenye bega lake, naye maskini akanipigapiga mgongoni bila kujua kisa chochote. Nguo yake ile nilikosea kiuno, na hakunidai.

Tangu hapo kila mlo Kifungo alisimama mahali pake. Asipokuwepo, Dada aliniangalia mimi, nami nikasimama pale penye nafasi nyembamba nikibana tumbo, nikainua mkono wangu wa kulia kama mtoto. Hakutumia ule wa kushoto kwa Mungu; aliutumia kwa aliyesimama mbele yake, na nadhani njiani Mungu alipata chake. Akaanza kushiba. Mashavu yakarudi kidogo. Siku nyingine Sista alileta darasa zima uani, tukamtoa nje na kiti chake, tukamkalisha kivulini. Nilihofia watoto watauogopa uso. Mmoja akauliza kwa nini mdomo umelala upande. Kifungo akamweleza umechoka. Suala likaishia hapo, wakainua mikono.

Nikamwita Paroko. Safari hii alikuwa mwerevu, alikaa pembeni ya kitanda na kumwacha Kifungo asimame mbele. Wakaanza wote pamoja. Mafuta alipaka paji la uso, kisha akauchukua ule mkono wa kulia akaupaka kiganjani. Kabla hajauomba wa pili, Dada mwenyewe aliufungua ule wa kushoto akamnyooshea. Mkono wa kioo, wa watoto. Paroko akaupaka nao. Baadaye Dada aliulaza juu ya shuka, kiganja juu, hakutaka nifute mafuta.

Alikaa nasi mpaka msimu wa mvua ukaisha. Akaondoka asubuhi moja nikiwa nachemsha maziwa, uso ukiwa umeelekea dirishani. Niliangalia hilo kwanza kabla ya kitu kingine. Dirishani, si ukutani.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa watu ambao wote, kwa wakati mmoja au mwingine, walikuwa na msumari wao kwenye ukuta ule: waokaji, madereva, manesi, na yule mtoto wa baba mwenye tai, sasa ameota ndevu, baba yake pembeni. Hata bibi wa kwaya alikuja, akiegemea fimbo. Watoto wa chekechea waliwekwa mbele kabisa, karibu na jeneza, kwenye yale mabenchi yao mafupi waliyobeba wenyewe. Sare nilikuwa nimezipiga pasi zote mimi.

Paroko akafika mbele ya altare, akasema, "Kwa jina la Baba." Kanisa zima likafanya ishara. Watoto hawakufanya. Walikuwa wamesimama, mikono ya kulia juu, viganja wazi, wanalitazama jeneza. Paroko akaona, akanyamaza. Mwalimu wao mpya akainama kuwanong'oneza, wakatikisa vichwa. Watu wakaanza kugeuka. Mikono ikaanza kutetemeka, mmoja baada ya mwingine wakaishika kwenye viwiko.

Nikatoka kwenye benchi la wafiwa. Sijui nilifikaje kule mbele. Nikainama kwa Kifungo.

"Tunamsubiri nani?" nikamuuliza.

"Tunamsubiri Mwalimu," akasema. "Hajainua."

Nikapiga goti mbele yake.

"Mwalimu ameshafika," nikamwambia. "Sasa yeye ndiye anatusubiri sisi."

Kifungo alifikiri. Mkono haukushuka.

"Basi nani atainua?"

Nikasimama katikati yao na jeneza, nikawageukia watoto. Mimi, niliyemcheka Dada mbele ya kioo cha mama. Nikainua mkono wa kushoto juu, kiganja wazi, mbele ya parokia nzima, na yule bibi wa kwaya akiwa ananitazama. Nikangoja mpaka yule wa mwisho, aliyekuwa anafunga kiatu, akainuka na kuinua wake. Kisha nikagusa paji la uso, nikagusa kifua, nikaanzia bega la kulia.